Kaka amevunjika uti wa mgongo, anarudi nyumbani Ahero Ijumaa. Tuandae nini, na usiku tugawane vipi?

nyar_kano

Hamjambo nyote. Kaka yangu wa miaka 34 alikuwa abiria kwenye boda iliyogongwa na lori. Pingili ya T12, ile ya mwisho ya kifua, ilivunjika. Amefanyiwa upasuaji hapa Kisumu, ile hospitali ya rufaa ambayo wengi bado tunaiita Russia, akawekwa vyuma, na mshono umefunga vizuri. Mikono iko sawa kabisa. Kuanzia nyongani kwenda chini hasikii wala hasongezi kitu. Ana mpira wa mkojo. Ijumaa anaruhusiwa.

Nyumbani kuna mama (61), mke wa kaka ambaye ana mtoto wa miezi saba, na mdogo wetu wa kiume wa miaka 19. Mimi nafanya kazi mjini, nafika wikendi. Nyumba ya kaka ni ya mabati, sebule na chumba kimoja, mlango mwembamba, na kizingiti kama cha shubiri moja hivi. Nyumba ya mama ndiyo kubwa na ina stima, ila mnajua kwetu mwanamume aliyeoa harudi kulala nyumbani kwa mamake, na mzee wa boma hataki hata kulisikia hilo.

Wodini wametuambia ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mama tayari amesema atafanya mwenyewe, na namwona anavyochoka hata kabla kazi haijaanza. Anayeijua kazi hii anisaidie: kitanda, kugeuza, mpira, choo, na jinsi ya kuzuia mama na shemeji wasianguke.

---

nesi_wa_mifupa

Pole sana dada. Naanza na usiku kwa sababu usiku ndio unaovunja familia, na ndio unaoleta vidonda.

Asiyehisi hawezi kujua kwamba amelalia mfupa muda mrefu. Damu ikikatika pale saa mbili au tatu, nyama ya ndani inaanza kufa kabla ngozi ya juu haijaonyesha kitu. Ndiyo maana kidonda kidogo juu mara nyingi kina shimo kubwa chini. Sehemu za kuchunga ni mfupa wa mwisho wa mgongo, visigino, nyonga za pembeni, vifundo vya miguu na mifupa ya kukalia.

Ratiba iwe hivi: saa tatu usiku mgongo, saa tano ubavu wa kulia, saa saba ubavu wa kushoto, saa tisa mgongo, saa kumi na moja ubavu wa kulia. Mtu mmoja ashike saa tatu na saa tano, mwingine ashike saa saba, saa tisa na saa kumi na moja. Wa kwanza akimaliza saa tano, analala moja kwa moja mpaka asubuhi. Wa pili analala tangu saa mbili mpaka saa saba. Kosa kubwa ni watu wote kuamka kila mara kwa huruma: baada ya wiki mbili hakuna aliyelala, na wote wanageuza ovyo. Tena msimpe shemeji zamu yote kwa hoja kwamba "anaamka kunyonyesha hata hivyo". Mwili wake unahitaji usingizi mrefu kuliko wa mtu yeyote hapo.

Wiki za kwanza mwenye zamu awe na mwenzake mmoja, ageuzwe na watu wawili, mabega na nyonga pamoja kama gogo, asijipinde kiunoni. Shuka iliyokunjwa mara mbili ilazwe chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Mnaishika shuka, sio mwili. Msimburute hata kidogo, maana ngozi ya makalio huchanika kwa msuguano. Akilala ubavu asilale wima kabisa juu ya nyonga. Mwegemezeni nyuzi 30 hivi, mto mgongoni, mto kati ya magoti. Mto mwingine uende chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Ile mizoea ya kuweka glavu yenye maji chini ya kisigino, au mpira wa duara chini ya makalio, iacheni. Inakata damu pembeni.

Kila mnapogeuza, washeni tochi mtazame. Kwenye ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu. Tafuta pale palipozidi weusi, panapong'aa, pa moto au pagumu ukigusa. Pakiwa hivyo na hapajarudi sawa ndani ya nusu saa, sehemu hiyo isilaliwe tena mpaka ipone, hata siku tatu. Msipasugue wala kupakanda.

Sasa habari njema. Ngozi ikikaa safi wiki mbili mfululizo, ongezeni nusu saa: geuzeni kila saa mbili na nusu, tazameni siku tatu, kisha saa tatu. Wengi wenye godoro zuri hufika saa nne. Pia muulizeni daktari wa mifupa lini ataruhusiwa kulala kifudifudi juu ya mito, maana mlalo huo unapumzisha sehemu zote mbaya na watu hulala nao saa nyingi zaidi.

---

fizio_nakuru

Nikubaliane na nesi, kisha niongeze jambo ambalo familia nyingi haziambiwi: jeraha la T12 limeacha mikono na sehemu kubwa ya kiwiliwili vikiwa vizima. Huyu ni mtu atakayejigeuza mwenyewe, atakayehama kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu mwenyewe, na atakayekagua ngozi yake kwa kioo chenye mkono. Kwa hiyo ratiba ya usiku iandikwe kwa penseli. Kila kazi anayoijua, mwachieni, hata akichukua dakika kumi kwa jambo ambalo mngelimaliza kwa moja. Mama anayefanya kila kitu anamchosha mtoto na kujichosha mwenyewe.

Kuhusu mahali pa kulala, nyumba ya kaka inatosha, na hakuna haja ya kugombana na mzee. Atafanya mazoezi ya maisha yake mahali atakapoishi. Stima inaweza kuvutwa na fundi, au mkaanza na taa ya sola.

Mlango: pimeni uwazi wenyewe mlango ukiwa umefunguliwa, sio fremu. Kiti cha kawaida kina upana wa sentimita 60 hadi 68, na vidole vinahitaji nafasi. Lengeni sentimita 80. Isipowezekana kabla ya Ijumaa, ng'oeni ubao wa mlango wa chumbani mtundike pazia. Hiyo peke yake hurudisha sentimita nne au tano.

Kizingiti: kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko unataka sentimita 12 za urefu. Shubiri moja, tuseme sentimita 20, inahitaji mita 2.4. Ahero mna ule udongo mweusi wa Kano unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, kwa hiyo msimwage simiti juu yake. Chimbeni kama sentimita 30, jazeni mawe, juu yake murram iliyoshindiliwa, ndipo simiti, na muichapie ufagio ikiwa mbichi isiteleze. Pembeni acheni ukingo wa sentimita 5 ili gurudumu lisichomoke.

Kitanda: juu ya godoro pawe sawa na juu ya kiti chenye mto, karibu sentimita 50. Kikiwa chini, inueni miguu kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa katikati visiteleze. Godoro la sponji nzito la inchi 6. Bonyezeni kwa ngumi na uzito wenu wote: mkigusa mbao, limechoka. Makintoshi, yaani shuka ya plastiki, iwekwe kiunoni tu, chini ya shuka, bila mkunjo. Plastiki kitanda kizima inamtoa jasho, na ngozi yenye unyevu huchanika upesi.

Ubao wa kuhamia: seremala yeyote atawatengenezea. Urefu sentimita 70, upana 25, unene 2, upigwe msasa mpaka uwe laini na kupakwa vanishi. Kabla ya kuhama, fungeni breki za kiti. Msimnyanyue kwa kumshika makwapani. Mabega yake ndiyo miguu yake sasa, yakiteguka amepoteza kila kitu, na nanyi mtaumia migongo.

Kiti bila mto wa sponji wa inchi 3 au 4 ni hatari. Siku ya kwanza akae dakika 30, mrudishe, mkague makalio. Ngozi ikiwa safi ongezeni dakika 15 kila siku. Na kila nusu saa ainame mbele, kifua kuelekea magoti, kwa dakika mbili, au aegemee upande mmoja kisha mwingine. Awe na kengele kwenye simu. Kabla ya kuondoka wodini, muulizeni daktari kama uti unaruhusu kuinama hivyo tayari.

Miguu inyooshwe asubuhi na jioni, kila kiungo mara kumi, polepole: kifundo, goti, nyonga. Kifundo kikiachwa, kisigino hupanda na wayo hauwezi tena kukaa kwenye kikanyagio.

Jingine, moto. Asiwekewe chupa ya maji moto, asiwe karibu na jiko, asishike kikombe cha chai mapajani. Maji ya kuoga mjaribu kwa kiwiko. Kiti kilichoachwa juani kina chuma cha kuunguza, naye hatasikia. Usiku chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kwa mbu, ndiyo, lakini pia panya hutafuna vidole visivyohisi.

Ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, Nairobi. Kule ndiko wanakofundisha kujihudumia. Nafasi huchukua muda, ombeni sasa.

---

nyar_kano

Asanteni mno, nimeshampigia seremala. Sasa lile gumu: mpira na choo. Na nani amwogeshe? Mama anasema ni mwanawe, lakini namwona kaka akigeuza uso.

---

nesi_wa_mifupa

Uso wake umeshawajibu. Kuoga sehemu za siri na choo vifanywe na mkewe au mdogo wenu wa kiume. Mama ana kazi nyingi za heshima: chakula, kumshika mjukuu wakati shemeji yuko kazini na mgonjwa, kukaa naye jioni. Mwambieni mama hivyo waziwazi, na ikiwezekana asikie kutoka kwa kaka mwenyewe.

Mpira. Muulizeni nesi kama ni wa latex au silikoni tupu, na mwandike tarehe. Wa latex hubadilishwa kila wiki nne, wa silikoni tupu unaweza kukaa hadi wiki 12. Mfuko ubadilishwe kila wiki. Siku zote mfuko uwe chini ya kibofu, usiguse sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili. Mrija ufungwe pajani kwa plasta ili usivute. Paoshwe kwa maji na sabuni kila siku. Anywe lita mbili hadi tatu kwa siku, labda daktari awe amemkataza. Nyumbani wekeni mpira mmoja wa akiba wa namba ileile, sindano ya mililita 10, maji safi ya sindano, jeli, glavu na mfuko. Puto la ndani hujazwa kwa maji hayo, sio maji ya chumvi, kwa sababu chumvi huganda na puto likakataa kutoka.

Mkojo ukisimama: angalieni mrija umejikunja wapi, mfuko uko juu, au amelalia mrija. Kisha jiulizeni amepata choo lini, kwa sababu choo kilichojaa hubana njia ya mkojo. Zikipita saa tatu au nne bila tone na tumbo la chini limevimba, mpelekeni dispensari wabadilishe. Msivute mpira puto likiwa limejaa.

Baadaye kaka anaweza kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mdogo kila saa nne hadi sita. Akitoa zaidi ya mililita 500 kwa mara moja, amechelewa. Njia hii ina maambukizi machache kuliko mpira wa kudumu na inampa uhuru, kwa hiyo iulizieni kliniki ya kwanza.

Choo kina aina mbili, na lazima daktari awaambie yake ni ipi. Jeraha la T12 linaweza kwenda upande wowote. Ikiwa njia ya haja bado inajikaza yenyewe, kidole chenye glavu na jeli kinazungushwa taratibu ndani kwa sekunde 15 hadi 20, mnangoja dakika tano hadi kumi, mnarudia. Ikiwa imelegea, kuchochea hakusaidii: choo kinatolewa kwa kidole, kila siku, na kiwe kigumu kidogo kuliko kawaida. Kwa vyote viwili chagueni saa moja isiyobadilika, nusu saa baada ya uji au chai ya asubuhi, kwa kuwa chakula kinapoingia tumboni utumbo husukuma. Alale ubavu wa kushoto. Kucha ziwe fupi. Msitumie Vaseline, inaharibu glavu za latex.

Akikaa siku kadhaa bila choo kisha ghafla atoe maji maji, msimpe dawa ya kuharisha. Mara nyingi ni choo kigumu kimeziba na maji yanapita pembeni.

---

mhudumu_mumias

Dada, mengi ya mwili yameshasemwa vizuri. Mimi niseme ya familia.

Kaeni kikao kabla ya Ijumaa, sio baada. Chukueni karatasi kubwa, saa 24 upande mmoja, siku saba upande mwingine, na kila mraba uwe na jina la mtu. Mraba ukikosa jina, msiseme "tutaona". Mraba huo utaishia kwa mama. Wewe uliye mjini usiishie kutuma pesa: chukua usiku wa Ijumaa na Jumamosi, na watu wa nyumbani walale usiku huo bila kuitwa kabisa. Kijana wa 19 akirudi chuo au kibarua, zamu yake ihamishiwe kwa mtu kwa maandishi.

Fedha zishikwe na mtu mmoja, daftari lishikwe na mwingine. Kila mchango na kila risiti ya glavu, picha yake kwenye kundi la familia jioni ileile. Ugomvi wa wagonjwa wa muda mrefu huanza kwenye pesa za mchango, halafu unahamia kitandani, na mgonjwa anasikia kila neno. Mwezi wa kwanza wageni ni wengi na wanaleta sukari na mkate; mwambieni kila anayeuliza alete glavu, sabuni au sponji, au aje afue shuka Jumatano. Mwezi wa tatu wageni watakuwa wameisha, kazi haijaisha, kwa hiyo ombeni watu wachache wa kanisani au jirani wachague siku yao mapema.

Dalili za mlezi kulemewa ni hizi: anapata nafasi ya kulala na usingizi haumjii, anaruka zamu na kusema ameifanya, anamgeuza mgonjwa kwa hasira, hali chakula, anaanza kunywa pombe. Ukiona moja, mwondoe kwenye zamu siku mbili kamili bila kumhukumu. Shemeji mwenye mtoto mchanga mwangalieni kwa makini zaidi, na akifika dispensari kwa kliniki ya mtoto, amwambie nesi hali ya nyumbani.

Na kaka mwenyewe. Miezi ya mwanzo wengi hukata tamaa. Akianza kusema afadhali angekufa, msimkemee wala msibadilishe mazungumzo. Mwulizeni wazi kama anafikiria kujiua, ondoeni dawa za shamba na vidonge karibu naye, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hailipiwi na wanaongea Kiswahili. Hata mama anaweza kuipiga kwa ajili yake mwenyewe.

---

karatasi_kwanza

Kwa ufupi, karatasi ambazo watu husahau hospitalini:

Muhtasari wa kuruhusiwa uwe na neno la kiwango cha jeraha na tarehe ya upasuaji. Chukueni picha zake, na filamu za eksirei pia.

SHA, bima ya afya ya serikali: hakikisheni kupitia *147# kwamba kaka amesajiliwa na amelipa. Asiye na mshahara hulipa kwa mwaka mzima, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Dispensari na vituo vya afya humhudumia aliyesajiliwa hata bila mchango, lakini kulazwa na upasuaji hudai mchango uliolipwa. Akilazwa tena kwa maambukizi mwezi wa nne bila kuwa amelipa, hapo ndipo mtakapolia.

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina ofisi kila kaunti. Tathmini ya ulemavu hufanywa na hospitali ya serikali, kisha mnaomba kadi. Kadi ndiyo inayofungua mlango wa vifaa kama kiti, na kwa mwenye mshahara, msamaha wa kodi. Chifu naye aulizwe kuhusu Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ili jina liwepo usajili utakapofunguliwa.

Ajali: chukueni namba ya OB (daftari la matukio la polisi) na abstrakti ya polisi, yenye namba za lori na boda na kampuni za bima zao. Muda wa kufungua kesi ya majeraha ni miaka 3. Tunzeni kila risiti tangu siku ya kwanza. Msitie sahihi karatasi ya mtu anayekuja wodini na bahasha.

---

nyar_kano

Mungu awabariki. Swali la mwisho: huku malaria haiishi. Akipata homa, tumpe dawa za malaria kama sisi wengine?

---

nesi_wa_mifupa

Hapana, msimpe kabla ya kipimo. Kwake homa ina milango mingi na yeye hasikii maumivu ya kuwaelekeza.

Ikizidi nyuzi 38, mvueni nguo mumkague mwili mzima, makalio na visigino hasa. Tazameni mkojo: wa ukungu, wenye damu, au unaonuka kuliko kawaida. Chukueni futi ya fundi cherehani, pimeni mashavu ya miguu yote mawili mahali pamoja, tuseme sentimita 10 chini ya goti. Mmoja ukizidi mwingine kwa sentimita 3, au ukiwa wa moto, msiukande wala kuunyoosha. Huenda damu imeganda ndani. Hospitali siku hiyohiyo. Na akianza kuhema au kifua kumuuma, ni gari mara moja, hata usiku wa manane. Sikilizeni pia kikohozi.

Kisha dispensari kwa kipimo cha malaria na cha mkojo, vyote viwili, kwa sababu anaweza kuwa navyo pamoja. Mwambieni mhudumu tangu mlangoni kwamba ana jeraha la uti na mpira. Njiani anaweza kumeza parasetamoli gramu moja, isizidi gramu nne kwa siku. Kwenye gari la Probox akalie ule mto wake wa kiti, na mkikwama kwenye foleni ya Ahero zaidi ya nusu saa, aegemee upande kama kawaida.

Mkikuta kidonda, kisafisheni kwa maji yaliyochemka yakapoa, lita moja na kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, kijiko cha usawa. Spiriti, Dettol na ile dawa inayotoa povu vinaua nyama inayoota. Funikeni kwa shashi safi, asilalie upande huo, na kikiwa na harufu, usaha au mfupa unaonekana, kliniki isingojewe.